Paka Hajitafutii

Bunia, mji wetu wa Ituri nchini Kongo, ilinijua kwanza kwa ng'ombe. Nilisomea udaktari wa mifugo Butembo, katika Chuo Kikuu cha Graben, nikarudi nyumbani mwaka 2004. Kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa, kile cha Operesheni Artemis, kilikuwa kimeondoka tangu Septemba 2003, na MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ndiyo iliyoshika mji. Vilima vya Djugu na Irumu, ambavyo kabla ya vita ya 1999 vilijaa mifugo, vilikuwa vimeota majani marefu yasiyo na wa kuyala. Ng'ombe waliookoka walisogezwa karibu na mji, kupe tele, majosho yamevunjika, nami nilishinda huko pembezoni nikitibu ndigana kali na kuchanja kimeta dawa ilipopatikana. Daktari aliitwa kwa ng'ombe, kwa mbuzi, mara chache kwa mbwa wa ulinzi. Kwa paka hakuitwa.

Paka walinijia kupitia sokoni. Watu walipoanza kurudi na biashara kufufuka, depo za unga, mchele na maharage zilijaa upya, na panya wakajaa pamoja nazo. Wenye depo wakanunua paka. Papa mmoja, muuza unga, alinisimamisha barabarani siku moja, akaniomba nimtazamie paka wake mvivu. "Mama Dokta, nilimununua akamate panya, sasa analala tu juu ya magunia." Nikapanda kwenye yale magunia. Paka alikuwa jike, mchanga bado, mbavu zinahesabika. Nilimfunua mdomo nikaona fizi nyeupe kama karatasi: viroboto na minyoo walikuwa wanamnywa damu, na tumbo halikuwa na kitu cha kuirudisha. Alifungiwa humo jioni hadi asubuhi, na Jumapili kutwa. Nikauliza anakula nini. Panya, akasema. Na panya wakikosekana? Akacheka kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi: "Ukimupatia chakula, ataacha kazi."

Maneno hayo nimeyasikia tangu siku ile mpaka leo, kwa matajiri na kwa maskini, kwa wasomi na kwa wasiosoma, na nikiulizwa nimefanya kazi gani Bunia, nitasema nimebishana nayo. Si kweli kwamba njaa peke yake ndiyo inayomfanya paka awinde. Mwaka 1976 mtafiti aitwaye Adamec aliwapa paka chakula wanachokipenda, kisha katikati ya mlo akawaletea panya: waliacha sahani, wakamuua panya, wakarudi kula chakula chao. Tamaa ya kuwinda na tamaa ya kula hukaa pamoja ndani ya paka, lakini moja haiisubiri nyingine. Paka aliyeshiba anawinda, tena kwa nguvu. Mwenye njaa na upungufu wa damu hamwezi panya buku, na akipata upenyo anahamia kwa jirani anayekaanga samaki.

Yule paka nilimpa dawa ya minyoo, nikamchana viroboto kwa chanuo la meno madogo juu ya beseni la maji ya sabuni, nikamwomba papa ampe mioyo na vichwa vya kuku asubuhi na jioni. Alikubali kwa sababu alikuwa ameshalipa bei ya paka na hakutaka hasara. Baada ya muda alikuwa ananionyesha panya waliopangwa mlangoni.

Zamani mtu wa kijijini aliposema paka wake anajitafutia, alikuwa na haki. Paka alikuwa na shamba, ghala, panzi, mijusi, ndege, na mabaki ya samaki nyuma ya jiko. Paka wa Bunia mjini hana hayo. Anafungiwa, na wanaomfungia wana sababu zao: pikipiki za motari haziachi nafasi barabarani, sumu ya panya imetapakaa kila uani, na kuna miaka ambayo binadamu mwenyewe alikuwa haonekani nje baada ya giza. Nyumba ni ya matofali, madirisha yana vyuma na wavu, mlango una kufuli. Ukishamweka humo, panya aliyebaki ni mmoja wa bahati, na kila kinachoingia kinywani mwa paka kinapitia mkononi mwako. Maji yake, choo chake, joto lake, hofu yake, vyote vimekuwa mikononi mwako.

Chakula ndipo penye maradhi mengi, na ni eneo ambalo mtu asiye na fedha nyingi anaweza kufanya vizuri kabisa. Huku kwetu paka hupewa kinachobaki kwenye sufuria: bugali na sombe (majani ya muhogo), wali na mchuzi wa maharage, mawese yakiwemo. Anakula kwa kuwa ana njaa, anajaa tumbo, na mwenyewe anaridhika. Lakini mwili wa paka ni wa mla nyama tu. Hawezi kutengeneza vitamini A kutokana na mboga kama tunavyofanya sisi, wala hawezi kutengeneza taurini ya kumtosha, kitu kinachopatikana katika nyama na samaki, ambacho moyo na macho yake haviwezi kuishi bila hicho. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake huko Davis, California, walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wanakufa kwa moyo kutanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na kwamba wakipewa, moyo hurudi. Viwanda vya chakula cha paka vikabadili michanganyiko yao. Kwenye sufuria ya bugali habari hiyo haijafika.

Kwa macho hakuna kurudi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mudzipela aliniita kwa sababu paka wake, aliyezaliwa humo ndani na hajawahi kutoka, ameanza kugonga miguu ya viti. Nyumba ilikuwa safi, mzee mpole, paka ananenepa. Nilimmulika kwa tochi: mboni zote mbili zimetanuka mpaka rangi ya jicho imebaki uzi mwembamba pembeni, na mwanga hauzisogezi. Nikaangusha kipande cha pamba mbele yake, kitu kisicho na sauti wala harufu. Hakukifuata. Alikuwa amekula bugali na mboga miaka yote, na maziwa siku za sikukuu. Nilimweleza mzee taratibu. Akauliza kama akianza leo kumpa nyama jicho litafunguka, nikamwambia jicho hapana, moyo ndiyo. Alianza jioni ileile. Nikamwomba pia asihamishe viti, na sahani ya maji ibaki palepale, kwani paka kipofu anaikariri nyumba yake, na ukimwachia ramani ile, mgeni hatambui kwamba haoni.

Kwa hiyo nina orodha yangu ya sokoni, nayo haina kitu kigumu. Mioyo ya kuku, kwani moyo una taurini nyingi kuliko mnofu. Shingo na vichwa, ambavyo wauza kuku huuza kwa bei ya chini. Dagaa wa Ziwa Albert wanaoletwa kutoka Kasenyi na Tchomia, waloweshwe kwanza, wachemshwe, mchanga utoke. Yai lililopikwa. Ini mara moja kwa wiki, kipande kidogo, kwani paka anayelishwa ini kila siku hujaa vitamini A, na mifupa ya shingo yake huota na kushikana mpaka asiweze kugeuza kichwa. Nyama tupu haina chokaa, kwa hiyo kwa kila nusu kilo weka nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyosagwa laini kama unga. Na mchuzi usimwagwe! Taurini huyeyuka katika maji ya kuchemshia, nami nimewaona watu wakimwaga dawa kwenye mfereji na kumpa paka makapi. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, na makayabo, samaki wale wa chumvi, si chakula cha paka kabisa.

Maziwa pia nayasemea, ingawa wafugaji wa kwetu hukasirika. Paka wakubwa wengi hawawezi kuyasaga; wanaharisha. Paka anahitaji maji, tena mbali kidogo na chakula na mbali sana na choo.

Samaki mbichi peke yake ni hatari nyingine. Binti mmoja anayeuza samaki alinibebea paka ndani ya kikapu. Kichwa kimeinama kifuani, hawezi kukiinua, miguu inatetemeka, akiguswa anajikunja kama mpira. Majirani walishasema amerogwa. Niliuliza tu anakula nini. Samaki wadogo wabichi, asubuhi na jioni, wengi kadiri anavyotaka, hana kingine. Baadhi ya samaki wa maji baridi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kupika ndiko kunakokiua. Nikamchoma B1, dawa iliyopo katika kila duka la dawa Bunia, nikamwambia anirudishie kesho yake. Alirudi na kikapu kimefungwa kamba, kwa kuwa paka alikuwa anataka kutoka. Majirani nao walikuja kumtazama, na nikapata nafasi ya kuwaeleza wote kwa pamoja.

Nimeulizwa, tena na watu ninaowaheshimu, kama ni haki kununua mioyo ya kuku kwa ajili ya paka katika mji wenye wakimbizi wa ndani maelfu kwa maelfu. Swali hilo silikwepi. Nimefanya kazi katika kambi ya Kigonze, ambako familia zilizokimbia Djugu zinaishi chini ya mahema. Humo nilimkuta mama akiwa na paka aliyefungwa kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa anamgawia sehemu ya dagaa zake. Nikamwuliza kama anaweza. Akasema: "Huyu ndiye analinda unga yetu. Panya wakikula unga, nitakula nini?" Alilijua lile ambalo wenye depo walihitaji miaka kulikubali. Nilichomfanyia ni kumlegezea paka wake kitambaa na kumwonyesha namna ya kukifunga nyuma ya mabega badala ya shingoni.

Watu huniletea paka wakiwa wamechelewa, na sababu kubwa ni kwamba paka huficha ugonjwa. Anajikunja mahali, anafumba macho, hata anakoroma kana kwamba ana raha, na wewe unadhani analala. Mimi huwafundisha watu kutazama mambo ya kila siku: amekula kiasi gani, amekojoa mara ngapi, kinyesi kikoje, manyoya anayalamba au ameyaacha. Paka aliyegoma kula siku tatu si wa kusubiriwa, hasa akiwa mnene, kwani mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba.

Dume anayechutama chooni bila kutoa kitu hangoji hata kesho. Mwaka 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei, kulikuwa na majuma ya risasi za usiku pembezoni mwa mji, na paka wa ndani walikuwa wanajificha chini ya makabati bila kunywa maji. Madume wakaanza kuziba. Mama mmoja wa Nyakasanza aliniambia kwa simu, "Paka yangu inaenda chooni kila saa, inalia, nafikiri ina choo ngumu." Nilimwambia aje sasa hivi, asimpe mafuta. Nilipomshika tumbo, kibofu kilijaa kiganja, kigumu, na paka akanigeukia kuniuma. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba kama utambi, na mchanga wa chumvichumvi ukichanganyika na ute unaiziba. Mkojo ukikaa, potasiamu hupanda katika damu, na moyo husimama kabla ya figo. Nilikuwa sina mrija wa paka. Nilichukua kanula ya dripu ya watoto, nikatoa sindano yake nikabaki na ala ya plastiki, nikaipaka jeli, na baada ya kumlaza kwa dawa nikaisukuma polepole huku nikipuliza maji ya chumvi safi kwa bomba. Mara ya kwanza ilikataa. Nikangoja, nikasugua ncha kwa vidole, nikapuliza tena. Kikatoka kitu mfano wa dawa ya meno, kisha mkojo mwekundu, mwingi, hata mama yule akasema "Asante Bwana" kwa sauti. Paka alilala kwangu na dripu hadi hesabu ya mkojo iliponiridhisha. Baadaye alipewa chakula chenye mchuzi mwingi, mabakuli ya maji mawili katika vyumba viwili, na boksi la karatasi ngumu chini ya meza ambalo hakuna mwenye ruhusa ya kumtoa humo kwa nguvu.

Lile boksi ni tiba, si mchezo. Sikio la paka husikia sauti za juu mara tatu ya zile za mwisho wetu. Mlipuko unaotustua sisi unampasua yeye. Watu humvuta paka chini ya kitanda ili wamfariji, wakati kufarijika kwake ni kuachwa humohumo. Mpe tundu lenye giza, lenye nguo uliyovaa, na maji karibu. Atatoka mwenyewe.

Kuhusu tabia nimepokea malalamiko ya kila aina, na karibu yote huishia kwenye beseni la choo. Paka akikojoa kitandani watu husema analipiza kisasi. Halipizi. Beseni ni chafu, au liko karibu na chakula, au limewekwa mlangoni ambako watoto wanampitia, au kukojoa kunamuuma. Mbao za Mambasa zinapasuliwa Bunia kila siku, na mafundi seremala wanatupa maranda: chukua bure, changanya na mchanga uliokaushwa juani, jaza vidole vinne. Toa kinyesi kila siku. Paka wawili wanataka mabeseni mawili, na la tatu ni bora. Dume anayerusha mkojo ukutani ahasiwe mapema, na jike atolewe kizazi, kwa kuwa paka wa miezi mitano tu anaweza kushika mimba na akabeba kama siku 64, akatuletea vitoto vinavyotupwa mtoni Nyamukau ndani ya mfuko. Upasuaji huo ndio ninaoufanya zaidi kuliko wote, na ndio ninaoupenda. Kitoto cha paka kishikwe na watu mbalimbali, kwa upole, kati ya wiki ya pili na ya saba. Kikikosa hapo, kitawaogopa wageni maisha yote, na nyumba za Bunia hazikosi wageni.

Sumu sasa. Sumu ya panya inauzwa sokoni ndani ya vikaratasi visivyo na jina. Ya aina moja huzuia damu kuganda: paka anakula panya aliyelegea, na siku kadhaa baadaye anavuja damu puani au anashindwa kupumua kwa damu iliyojaa kifuani. Hiyo ukiwahi ina dawa, vitamini K1, kwa majuma. Ya aina nyingine huua ndani ya saa moja, mate yanamwagika, misuli inarukaruka, na atropini ndiyo tumaini. Lakini wengi waliofia mikononi mwangu hawakuuawa na adui. Walipewa parasetamoli na mtu aliyewapenda. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka. Ini lake halina njia ya kutosha ya kukivunja, damu inageuka rangi ya kahawa, uso unavimba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe pia inaua, hata matone machache mgongoni. Na wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kila kizingiti cha Bunia kilikuwa na klorini, nikaanza kuona paka wa maofisini wenye vidonda ulimini: walitembea juu ya sakafu mbichi, wakalamba makucha. Suuza sakafu, iache ikauke, kisha mfungulie.

Javeli, ile klorini ya majimaji, ina kazi yake, na kazi hiyo ni dhidi ya tifasi ya paka, yaani panlukopenia. Kirusi hicho kinakaa ndani ya nyumba mwaka mzima baada ya paka kufa, na sabuni haikiwezi. Aliyepoteza kitoto kwa kutapika na kuharisha asilete kingine kabla ya kuosha kwa javeli na kuchanja. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa umeme wetu hilo ni kazi peke yake. Friji yangu inakula jua, na dozi zinapokuja kutoka Kampala kupitia Goli na Mahagi, barabara ya RN27 ikifungwa na mashambulizi, boksi la barafu linakuwa na thamani kuliko gari. Chanjo ya kichaa cha mbwa naitoa hata kwa paka asiyetoka, kwani mbwa huingia hata palipofungwa.

Wajawazito huambiwa wamtupe paka. Dada mmoja alikuja kwangu analia, paka amembeba kifuani, kwa sababu mahali anapopimiwa mimba wamemwambia achague. Vijidudu vya toksoplasma paka huvitoa kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida mara moja katika maisha yake, baada ya kula panya au nyama mbichi. Na vikitoka, vinahitaji siku moja hadi tano kabla havijaweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo: paka apikiwe nyama, choo kisafishwe kila siku, na akisafishe mume. Nyama isiyoiva na mboga isiyooshwa vinamtisha mjamzito zaidi ya paka huyo. Mume alikuwepo, akakubali, na nilimheshimu kwa hilo.

Wanaomwona paka mweusi kuwa mchawi nimezungumza nao kwa subira. Sina maneno makubwa. Huwa nawaonyesha mama yake na ndugu zake wa tumbo moja, mmoja mweusi, mmoja wa madoa, mmoja kijivu, na mara nyingi watoto wa nyumba hiyo ndio wanaomalizia hoja yangu.

Tauni ndiyo inayonishughulisha zaidi miaka hii. Ituri imekuwa nayo tangu miaka ya 1920, nyanda za juu za Ziwa Albert, na bado inarudi: 2006 ilirudi, 2020 ikalipuka tena katika zoni ya afya ya Rethy. Panya anakufa, kiroboto anahama. Paka tuliyemleta atulinde na panya ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa nayo vibaya kabisa. Anavimba chini ya taya, anachemka homa, uvimbe unapasuka usaha, na akikohoa anaweza kumpa mtu tauni ya mapafu. Huko magharibi ya Marekani, kati ya 1977 na 1998, watu 23 walijulikana kuipata kwa paka, watano wakafa. Baadhi yao walikuwa wanafanya kazi kama yangu. Ndiyo maana namtetea paka wa ndani aliyeshibishwa: akawinde aliyeingia nyumbani, lakini asiwe na sababu ya kula mzoga wa panya uliookotwa nyuma ya choo. Viroboto wake waondolewe kila mwezi. Panya wakianza kufa wenyewe kijijini, paka afungiwe kabisa, na mizoga isiguswe kwa mikono.

Vijana wanaojifunza kwangu wanatoka Aru, Mahagi, Komanda, na wengi walikuja wakitaka ng'ombe kama nilivyotaka mimi. Nawafundisha kumpa paka kidonge cha doksisaiklini na kumfuatishia maji kwa bomba, mililita tano au sita, kwani kidonge hicho kikikwama kooni kinaunguza umio mpaka usinyae. Nawafundisha kuuliza chakula kabla ya kushika kipimajoto. Sasa tunaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye michoro, kwa zahanati za nyanda za juu: paka mwenye uvimbe wa taya na homa katika eneo lenye panya wanaokufa, usipasue uvimbe, vaa glavu na barakoa, mtenge, anza dawa, piga simu zoni ya afya, uliza nani amelala naye chumba kimoja. Nakala za majaribio zimeshakwenda Rethy kwa lori la viazi, na wauguzi wa huko wamenirudishia zikiwa na masahihisho kwa kalamu nyekundu. Wanataka mchoro wa taya uwe mkubwa zaidi, na wanataka pawepo neno kuhusu mtoto anayelala na paka.